Mji wa Mawe wa Mtwapa na Mji wa Miti wa Rabai

Katika nchi ya Moroko, kaskazini-magharibi ya Afrika, kuna magofu ya mji wa Warumi wa kale uitwao Volubilis. Nguzo zake za mawe zimesimama kati ya mashamba na mizeituni, na sakafu za nyumba zake zingali na picha zilizopangwa kwa vijiwe vidogo vidogo vya rangi. Serikali ya Rumi iliondoka huko karibu na mwisho wa karne ya 3. Mwendo mfupi kutoka hapo, ubavuni mwa kilima, upo mji wa Moulay Idriss, wenye nyumba nyeupe zilizopandana hata juu, ambamo watu wanaishi mpaka leo. Wageni wengi huenda kuona mahali pote pawili kwa siku moja, na hiyo ni desturi njema, kwa maana mawe yaliyoachwa na watu hayasemi mengi mpaka yawekwe karibu na watu waliobaki.

Mkaaji wa Kisauni au wa Changamwe hana haja ya kupanda meli wala ndege ili afanye ziara ya namna hiyo. Ufukoni, ng'ambo ya hori ya Mtwapa, upo mji wa mawe ulioachwa tangu zamani. Na juu ya vilima vya Rabai, nyuma ya Mazeras, zipo kaya, yaani miji ya kale ya Mijikenda iliyofichwa ndani ya misitu. Mahali hapa pawili hapaonani kwa macho, na wengi waliokwisha kwenda pamoja hawakwenda pengine. Lakini katika maisha ya watu wa zamani palikuwa kama mlango na ua wa nyumba moja.

Jambo moja lisemwe mapema ili msomaji asipotee. Warumi hawakujenga Pwani hii. Wafanya biashara waliotoka Misri wakati Misri ilipokuwa chini ya Rumi waliijua, na kipo kitabu cha lugha ya Kiyunani, cha karne ya 1, kinachowaeleza mabaharia bandari za huku moja baada ya moja mpaka mji ulioitwa Rhapta, ambako walinunua pembe za ndovu. Walikuja kwa upepo, wakarudi kwa upepo. Mawe ya Mtwapa ni kazi ya wenyeji wenyewe, zaidi ya miaka 1,000 baadaye.

JUMBA LA MTWANA

Atokaye Kisauni hufuata barabara ya Malindi, hupita Bamburi na Shanzu, huvuka daraja la Mtwapa, kisha huiacha barabara kuu na kushika njia ya kulia iendayo baharini. Kutoka mjini Mombasa safari yote ni kiasi cha kilomita 20. Huko, chini ya mibuyu minene, yamesimama magofu yaitwayo Jumba la Mtwana. Maana ya maneno hayo ni nyumba kubwa ya mtumwa mwanamume. Walakini hilo ni jina walilolitoa watu wa baadaye, walipozikuta kuta bila wenyewe. Jina ambalo wakaaji wa kwanza waliuita mji wao limepotea, wala hakuna maandishi ya kale yanayoutaja.

Kwa hiyo yote yanayojulikana yametoka ardhini. Mwaka 1972 magofu haya yalichimbwa na Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale ambaye alianza kazi yake ya Pwani huko Gedi mwaka 1948. Msomaji atauliza, mchimbaji ajuaje umri wa ukuta usioandikwa tarehe? Jibu ni vigae. Bakuli la Kichina la rangi ya kijani lilivunjika jikoni, likatupwa jaani, likafukiwa na taka zilizofuata. Mitindo ya vyombo vya China na vya nchi za Kiislamu inajulikana vizuri, karne kwa karne. Basi kigae kikionekana chini ya sakafu, ni yakini kwamba sakafu hiyo haikuwekwa kabla ya chombo kile kutengenezwa. Kwa njia hiyo imeonekana kuwa mji ulijengwa karibu na mwaka 1350, ukakaliwa kwa muda wa miaka 100 hivi, kisha ukaachwa. Sababu zinazotajwa ni tatu: maji ya visima kuharibika, biashara kuhamia bandari nyingine, au maadui.

Yaliyobaki ya kutambulika vizuri ni misikiti minne, nyumba nne na kaburi moja. Nyumba nyingine nyingi zilikuwa za miti na udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za Pwani hata sasa, nazo hazikuacha ila alama katika ardhi. Mgeni asidhani kwamba mji wote ulikuwa wa mawe kwa sababu mawe peke yake ndiyo aonayo.

Kuta ni za matumbawe. Yapo ya namna mbili, na mtu akizijua anaweza kuzitambua kwa kidole. Mawe ya kuta yalichimbwa katika nchi kavu, nayo ni magumu, mazito na yenye makali. Mawe ya mihrabu na ya miimo ya milango yalitolewa baharini yangali mabichi, wakati ambapo hukatika kwa urahisi. Fundi aliyachonga upesi, na yalipokauka yakawa magumu. Chokaa pia ilitoka katika matumbawe, yaliyopangwa juu ya rundo kubwa la kuni na kuchomwa moto mpaka yakawa meupe na kuvunjika. Mafundi wa zamani walikuwa wavumilivu, kwa maana kazi ya ukuta mmoja ilianza baharini na porini miezi mingi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Mgeni atapima vyumba kwa hatua na kustaajabu kuona vyote ni vyembamba, ingawa ni virefu. Hiyo haikuwa kwa uhaba wa mahali. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikiwa ni ndefu sana. Kwa hiyo mkoko ndio ulioamua upana wa chumba, hapa na Lamu na Zanzibar vilevile. Tajiri aliyetaka nyumba kubwa aliongeza idadi ya vyumba au urefu wake, si upana.

Nyumba moja imepewa jina la Nyumba ya Milango Mingi. Imegawanywa sehemu sehemu, kila moja na mlango wake, na wataalamu hudhani kwamba ilikuwa ya kuwapangisha wageni waliongoja upepo wa kurudi kwao. Ikiwa ndivyo, basi biashara ya kuwalaza wageni, inayowalisha watu wengi kati ya Nyali na Mtwapa siku hizi, si jambo jipya katika ufuko huu.

Ulio mzuri kuliko yote ni msikiti ulio karibu na bahari. Kipo chumba cha pembeni ambacho inasadikiwa kilikuwa cha wanawake kusalia. Penye kila msikiti mgeni ataona mahali pa maji ya kutawadha, na mawe ya matumbawe yenye kukwaruza, yaliyowekwa kwa ajili ya kusugua nyayo kabla ya kuingia. Jambo hili dogo lina shahidi wake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika Moroko, alilala usiku mmoja Mombasa. Aliandika kwamba watu wa huko walitembea bila viatu, na kwamba kila mtu aliosha miguu yake kwa maji ya kisima mlangoni pa msikiti, akaipangusa, kisha akaingia. Miaka 20 hivi baadaye watu wa Jumba walikuwa wakijenga misikiti yao, na desturi waliyoijengea ni ileile.

Kando ya msikiti huo lipo kaburi lenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe. Ni aya ya Sura ya Al Imran inayowakumbusha watu kifo na malipo ya siku ya kiyama. Jina la aliyezikwa halipo.

WALIKUWA WATU GANI?

Kwa miaka mingi vitabu vya shule na vya wageni vilisema kwamba miji ya mawe ya Pwani ilijengwa na Waarabu au Waajemi waliovuka bahari, na kwamba Waafrika wa bara walikuwa wapagazi na watumwa wao tu. Bwana Kirkman mwenyewe, ambaye kazi yake ya kuchimba na kulinda inastahili heshima, aliyahesabu majengo haya kuwa mali ya Uislamu zaidi kuliko mali ya Afrika. Neno la mtaalamu lina uzito, na neno hilo lilifika mbali. Limewafanya watoto wa Mwembe Legeza na wa Chaani kuyapita magofu kama mtu apitavyo shamba la jirani.

Uchunguzi wa baadaye umeonyesha mengine. Watafiti waliochimba katika miji mingi ya Pwani wamekuta kwamba chini ya nyumba za mawe zipo nyumba za udongo zilizo za kale zaidi, zenye vyungu vya wenyeji, na kwamba mji ulikua polepole kutoka kijiji cha wavuvi na wakulima. Mwaka 2023 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa mifupa na meno ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya kale ya Pwani, na magofu ya Mtwapa, jirani na Jumba, yalikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Ndani ya mifupa mna alama za nasaba ambazo mtu huzirithi kwa wazazi wake, nazo zinaweza kusomwa hata baada ya karne nyingi. Ilionekana kwamba kwa wengi wa watu wale zaidi ya nusu ya nasaba yao ilikuwa ya Kiafrika, na sehemu hiyo ilitoka hasa kwa mama. Kwa upande wa baba wengi walikuwa na damu ya Asia, kwanza ya Uajemi, pamoja na ya India kidogo. Na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000.

Maana yake ni nini kwa lugha nyepesi? Wageni walikuja, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini walioa huku, na watoto wao walilelewa na mama na bibi wenyeji, wakasema lugha ya mama. Ndiyo sababu Kiswahili, pamoja na maneno yake mengi ya Kiarabu, ni lugha ya Kibantu katika mifupa yake yote, jamaa ya karibu ya Kirabai, Kigiriama na Kidigo. Mtu asemaye mudzi na mtu asemaye mji hawahitaji mkalimani mkubwa.

Majina ya mahali hapa hayakufa pia. Waswahili wa Mombasa walijigawanya katika Thenashara Taifa, yaani mataifa 12: Taifa Tatu na Taifa Tisa. Katika Taifa Tatu wamo Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana. Katika Taifa Tisa wamo Wamtwapa, Wajomvu na Wakilifi. Wazee wa watu hawa walitoka bara na kuingia kisiwani, wakachukua majina ya miji yao. Nao hawakuwaacha rafiki zao wa zamani: Taifa Tatu walikuwa na mafungamano hasa na Wadigo na Waduruma, na Taifa Tisa pamoja na Mijikenda wa upande wa kaskazini. Walipeana zawadi, walisaidiana vitani, na mara nyingi mfanya biashara wa mjini hakuweza kufika bara ila kwa kupitia kwa rafiki yake wa kaya.

Ibn Battuta, katika maneno yake machache juu ya Mombasa, aliona jambo moja ambalo wengi hulipita. Alisema ya kuwa kisiwani hapalimwi nafaka, bali huletwa kutoka nchi ya pwani. Basi mji ulikuwa na misikiti na bandari, lakini chungu chake kilijazwa na watu wa bara. Nafaka, pembe za ndovu na sandarusi ziliteremka. Nguo, shanga na chuma zilipanda. Kwa sababu hiyo aliyeiona Jumba hajamaliza safari yake. Yampasa arudi Kisauni, avuke daraja la Nyali, apite kisiwani hata Makupa, na kuanza upya upande wa Changamwe.

NJIA YA KWENDA RABAI

Kutoka Changamwe barabara kuu hupita Jomvu na Miritini, pamoja na malori yaendayo Nairobi na Uganda, na baada ya kilomita chache nchi huanza kuinuka. Mazeras ni kama kilomita 20 kutoka Mombasa. Hapo njia ya Rabai huiacha barabara ya malori na kupanda kati ya minazi. Rabai ni nchi ya minazi tangu zamani, na tembo lake lilijulikana mpaka mjini. Joto hupungua, na mtu akigeuka nyuma ataona nchi yote aliyoipanda ikiteremka kuelekea baharini.

Mijikenda, kama jina lao lisemavyo, ni watu wa miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma. Wazee wao husimulia kwamba walitoka Shungwaya upande wa kaskazini, wakafukuzwa na maadui, na kila kabila likapanda juu ya kilima chenye msitu na kujenga kaya yake. Makaya mengi yamehesabiwa kuwa ni ya tangu karne ya 16. Wataalamu wanabishana juu ya safari ile ya Shungwaya, wengine wakisema kwamba watu walikuwapo hapa tangu kale na kwamba waliohamia walikuwa wachache. Ubishi huo hauwaondolei wazee haki ya kusimulia walivyopokea.

Kaya kuu ya Warabai huitwa Mudzi Muvya. Ni maneno ambayo kila msomaji anaweza kuyafasiri mwenyewe: mji mpya. Karibu nayo ziko nyingine, kama Bomu na Fimboni. Mgeni aliyetoka Jumba hushangaa kwanza kwa kuwa haoni kitu. Hakuna ukuta wala nguzo. Upo msitu tu, mzito na wenye kivuli, ulioachwa kama taji juu ya kilima huku mashamba yakiuzunguka pande zote. Lakini msitu ndio uliokuwa ukuta. Watu hawakuukata, kwa maana adui hakuweza kuupita ila kwa njia nyembamba chache zilizolindwa na kufungwa kwa milango ya miti. Katikati palikuwa na uwanja ulio wazi, na hapo zilisimama nyumba za miti na majani. Palikuwa na mahali pa baraza la wazee paitwapo moro, ambapo kesi zilikatwa na mambo ya vita na mvua yalizungumzwa. Na mahali pa siri ulizikwa fingo, yaani dawa ya ulinzi ambayo watu waliamini kwamba waliibeba kutoka walikotoka, na bila hiyo kaya si kaya.

Sheria za msitu ni kali, tena ni za kale kuliko sheria za serikali yo yote. Haikatwi miti, hailishwi mifugo, wala haichukuliwi kuni bila ruhusa. Aliyevunja sheria alitozwa mnyama wa kuchinjwa, ili kosa lioshwe mbele ya watu wote. Mambo haya huonekana kwa wengine kuwa ushirikina. Hata hivyo wataalamu wa mimea walipokuja kuchunguza, walikuta ndani ya makaya aina za miti ambazo kwingineko Pwani zimekwisha au zimebaki chache mno. Misitu mingine ya Pwani ilikatwa na kulimwa, na hii imebaki kwa sababu palikuwa na watu waliokataza.

Watu walianza kushuka kutoka kayani katika karne ya 19, hatari ya vita ilipopungua na tamaa ya mashamba mapana na minazi ilipozidi. Kufika miaka ya 1940 karibu makaya yote yalikuwa hayana wakaaji. Lakini hapa ndipo tofauti na Jumba inapoonekana. Watu wa Jumba walipoondoka hawakuacha mtu wa kusimulia. Watu wa kaya walihamia chini ya kilima tu, na wazee wao bado hupanda kwa maombi, kwa mazishi na kwa kukata shauri. Jumba lina kuta bila majina. Mudzi Muvya ina majina bila kuta.

Rabai ina habari nyingine pia, inayoiunganisha na Kisauni. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga pia, wakazikwa bara ya kaskazini, upande huo unaoitwa sasa Nyali. Mwaka 1846, alipopata mwenzake Johannes Rebmann, Krapf alipanda Rabai, na wazee wa kaya wakawapa ruhusa ya kukaa. Huko Krapf aliendelea na kazi yake juu ya lugha ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ilitolewa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Wageni wa Makumbusho ya Rabai husikia zaidi habari za wamisionari hao wawili kuliko za wazee waliowakubalia, nalo ni pungufu, maana bila neno la wazee hawangelala hata usiku mmoja kilimani.

HATARI ZILIZOPO

Mahali hapa pawili panalindwa na sheria, na kazi hiyo imewekwa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2008 makaya 11 ya Mijikenda, yale ya Rabai yakiwamo, yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, kama ulivyokwisha kuandikwa mji wa Volubilis mwaka 1997. Sheria na orodha ni msaada, lakini hazisimami usiku mlangoni.

Mji wa Mtwapa unakua upesi, na kila kipande cha ardhi kilicho karibu na bahari kina mnunuzi. Jumba lenyewe limezungushiwa mipaka, lakini magofu mengine madogo madogo ya Pwani hayana bahati hiyo. Mawe yake yamechukuliwa kujengea nyumba, na makaburi yake yamekuwa katikati ya viwanja vya watu. Upande wa bahari mawimbi hula ukingo wa nchi, nayo hayasomi ubao wa serikali.

Huko vilimani hatari ni ya namna nyingine. Shoka na mkaa ni hatari ya kila siku, hasa panapokuwa na njaa. Tena upo wizi. Baadhi ya Mijikenda, hasa Wagiriama, husimamisha vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa, kwa kumbukumbu ya wazee wakubwa waliokufa. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wachuuzi, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani, ambako vilitazamwa kama mapambo. Wenye vigango waliviona vimeng'olewa, na mabaya yaliyowapata baadaye waliyahesabu kuwa yametokana na hayo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa jamaa waliovipoteza zaidi ya miaka 20 kabla, na vingine vimefuata kutoka majumba mengine. Mnunuzi asiyeuliza kitu kilikotoka ndiye aliyempa mwizi kazi.

Na liko jambo zito zaidi ambalo halifai kufichwa. Katika wilaya za Pwani wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno la uchawi lilikuwako shauri la shamba. Mzee mwenye kujua mipaka ya kaya, majina ya waliozikwa na maneno ya maombi hana kitabu cha kuacha. Akiuawa, hubaki msitu ambao mjukuu wake hawezi kuueleza, na msitu usioelezwa huuzwa kwa bei ndogo.

KWA WATAKAO KWENDA

Siku moja yatosha kwa mtu aondokaye mapema. Ni afadhali kuanza Jumba asubuhi, kabla jua halijawaka juu ya mawe. Tikiti hukatwa mlangoni, na mlinzi hueleza njia. Asipande mtu juu ya kuta, kwa maana chokaa ya miaka 600 haina nguvu ya kubeba viatu, wala asiokote vigae. Kigae kilicho mahali pake kina tarehe; kilicho mfukoni hakina kitu.

Walimu wawaleteao watoto wa shule Jumba wangefanya vema kuwapeleka Rabai pia, hata kama ni siku nyingine, ili mtoto asirudi nyumbani akidhani kwamba waliotangulia walikuwa ni wajenzi wa mawe peke yao. Watu wa Likoni wanao mfano wao karibu zaidi: Msikiti wa Kongo pale Diani, na Kaya Kinondo kusini yake, ambako wazee wa Kidigo wamezoea kuwapokea wageni. Wakienda huko hawana haja ya kuvuka feri.

Rabai mgeni huanza penye Makumbusho, hujieleza, na kuomba kuonana na wazee. Haendi kayani peke yake. Huambiwa avae nini na aseme kwa sauti gani, na apige picha wapi na asipige wapi. Katika makaya mengine huvishwa kaniki na huvua viatu mwanzo wa njia, kama watu wa Mombasa walivyofanya mlangoni pa msikiti mbele ya Ibn Battuta. Mzee hutangulia kuingia msituni na kuwaarifu waliolala humo kwamba wamo wageni, kisha huwaita waliosimama nje wafuate mmoja mmoja.